Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya Kuanzia Kutengeneza Visu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu visu, na karibu zote zinauliza swali moja kwa maneno tofauti: ninunue mashine gani? Kwa kuwa jibu langu ni kwamba anayeanza hana haja ya mashine, nimezipanga barua hizo kwa kufuata hatua za kazi yenyewe, na suala la mashine nimeliacha mwisho.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Morogoro, nimemaliza kidato cha nne na sasa ninajifunza uchomeleaji. Natamani kutengeneza visu, lakini katika kila video ninayoitazama naona watu wenye mashine kubwa za mkanda wa msasa, majiko ya gesi na nyundo za umeme. Mimi nina shilingi laki moja na nusu. Je, nisubiri hadi nipate mtaji? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba, na usisubiri. Kisu hutengenezwa kwa njia mbili. Unaweza kufua, yaani kukipasha chuma moto na kukipiga nyundo juu ya fuawe mpaka kipate umbo; au unaweza kuchonga, yaani kuchukua bamba lenye unene unaoutaka na kuondoa ziada kwa msumeno na tupa. Anayefua naye humalizia kwa kuchonga, kwa hiyo anayeanza na kuchonga anajifunza jambo ambalo angelihitaji kwa vyovyote vile, na analijifunza kwa gharama ndogo.

Fedha yako ya kwanza itumie kwenye tupa, tena tupa mpya. Chukua moja ya meno makubwa yenye urefu wa inchi 10 au 12 na nyingine ya meno laini, na uzitie mipini zote mbili, kwa sababu tupa isiyo na mpini ikikwama ghafla msuka wake, yaani ule mkia unaoingia ndani ya mpini, hukuchoma kiganja. Tupa hukata inaposukumwa mbele. Ukiirudisha nyuma huku umeikandamiza unayaua meno yake. Meno yapake chaki ya ubaoni ili unga wa chuma usigande humo, na kila baada ya muda yasugue kwa brashi ya waya. Nimeona vijana wakilaumu mikono yao kwa kazi mbaya, na kumbe tupa waliyoinunua kwa bei ya kutupa ilikuwa imekwisha meno tangu siku ya kwanza.

Tupa haifanyi kazi kwenye bamba linalocheza. Unahitaji jiliwa, ambalo mafundi wengi huliita vaisi, lililofungwa kwa bolti kwenye meza nzito ili taya zake ziwe usawa wa kiwiko chako ukiwa umesimama. Kwa kuwa uko kwenye karakana ya uchomeleaji, naamini lipo, na ukiomba kulitumia baada ya saa za kazi utakuwa umeokoa sehemu kubwa ya bajeti yako. Hali kadhalika grinda ya mkononi: itumie kukata umbo la nje kwa diski nyembamba, ukiacha milimita moja au mbili nje ya mstari, kisha malizia kwa tupa. Ikiwa grinda haipo, msumeno wa chuma wenye meno 24 kwa inchi utakata bamba la milimita 3 bila shida, na penye mkunjo utatoboa safu ya matundu kwa keekee na kuyaunganisha kwa tupa.

Kazi inayowashinda wengi ni kupata mteremko wa makali ulio sawa pande zote mbili. Kwanza upake ukingo wa bamba wino wa kalamu nzito, kisha lilaze bamba juu ya meza iliyonyooka, chukua ncha ya keekee yenye kipenyo sawa na unene wa bamba, ilaze pembeni yake na uikwaruze kwenye ukingo huo; itachora mstari katikati kabisa. Ligeuze bamba na urudie. Mstari huo ndio mpaka wako, na kila upande wa tupa unaishia hapo.

Kwa kuulinda mlalo wa tupa usibadilike, tengeneza kiongozi chako mwenyewe. Fundi wa kuchomelea hashindwi: simamisha kwenye ubao bolti yenye kichwa cha pete, chomelea au funga fimbo ya chuma kwenye tupa, kisha ipitishe fimbo hiyo ndani ya pete huku kisu kimebanwa upande wa pili wa ubao. Ukiipandisha au kuishusha pete, pembe inabadilika. Ukiiacha ilipo, tupa inapita mlalo uleule kila unapoisukuma. Kifaa hicho hakigharimu kitu, lakini kinampa anayeanza mistari iliyonyooka ambayo mwenye mashine kubwa huchukua miezi kuipata.

Yanayobaki ni madogo: ncha za keekee za milimita 5 au 6, klampu mbili, msasa namba 120, 220 na 400 unaozungushiwa kwenye kipande cha mti kilichonyooka, na gundi ya epoksi. Matundu ya mpini yatoboe kabla ya kukikaza chuma, yaani kukipasha moto na kukipoza ghafla ili kiwe kigumu, kwa sababu baada ya hapo ncha ya kawaida haitaingia. Makali nayo yaache na unene wa karibu milimita moja. Ukiyafanya membamba mapema, yatapinda au kupasuka yakitoka motoni na kuingia kwenye mafuta.

Swali: Jirani yangu anauza visu alivyovitengeneza kwa vipande vya nondo na anasema chuma ni chuma. Nikitazama, naona vinapoteza makali kwa siku moja. Je, anakosea wapi, nami nitafute chuma gani? – Msomaji, Nakuru

Jibu: Jirani yako hakukosea katika kunoa, bali katika kuchagua. Kinachokifanya chuma kikubali kukazwa ni kaboni iliyomo. Chuma cha kawaida cha kuchomelea mageti kina kaboni karibu asilimia 0.2, na nondo za ujenzi hutengenezwa ili zikunjike bila kukatika, kwa hiyo hata ukizichoma mara kumi hazitakuwa ngumu vya kutosha. Chuma cha kisu kinahitaji kaboni kati ya asilimia 0.6 na 1.

Chanzo kilicho karibu nasi ni springi za gari, zile za mabamba yanayopangwa moja juu ya jingine chini ya malori na pikapu. Chuma chake kina kaboni karibu asilimia 0.6 na kinamvumilia sana anayejifunza. Springi iliyotumika, hata hivyo, inaweza kuwa na nyufa zisizoonekana zilizotokana na miaka ya kubeba mizigo, kwa hiyo nenda kwa mafundi wanaotengeneza springi uulize vipande vya mabamba mapya walivyovikata. Tupa kuukuu zina kaboni nyingi zaidi, lakini zile za bei rahisi huwa ngumu juu tu, na ndani ni chuma laini.

Usiamini jina la chuma chakavu, kipime. Kata kipande chembamba, kipashe moto mpaka sumaku isikishike tena, kitie ndani ya maji, kisha kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa kizito na ukigonge kwa nyundo. Kikipinda, kirudishe ulikokitoa. Kikikatika ghafla, kitazame pale kilipokatikia: chembe zikiwa laini na za kijivu, chuma ni kizuri na moto ulikuwa wa kiasi, zikimetameta kubwa kubwa kama sukari, chuma kinaweza kuwa kizuri lakini umekizidishia moto.

Bamba la springi lililotoka kwenye gari tayari ni gumu na litakumalizia tupa. Lipashe moto kupita kiwango cha sumaku, kisha lizike ndani ya jivu kavu lilale humo usiku kucha. Onyo moja ambalo silifanyii mzaha: usitie motoni mabati, mabomba yaliyopakwa zinki wala vyuma vyenye mng'ao wa kromu. Moshi wa zinki huleta homa na mitetemeko saa kadhaa baada ya kuuvuta.

Swali: Ukoo wetu huku Bukoba ulikuwa na wahunzi, na wazee walikaza chuma bila kipimajoto chochote. Nami ninataka kutumia mkaa. Nitajuaje kwamba moto umefika, na je, nitumie maji au mafuta? – Msomaji, Bukoba

Jibu: Unaandika kutoka mahali penye historia ndefu ya moto. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science makala kuhusu tanuru za Wahaya, wakaeleza kwamba mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani kabisa ya tanuru yaliipasha hewa ya mivukuto joto kabla haijakutana na mkaa. Baadhi ya wataalamu waliipinga hoja ya hewa iliyopashwa joto, lakini kwamba tanuru hizo zilitoa chuma chenye kaboni ni jambo ambalo makala hiyo ililitolea ushahidi.

Jiko lako halihitaji ukubwa huo. Chimba mfereji mfupi, au jaza udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga ndani ya karai pana, ukiacha bonde refu kuliko kisu. Chini ya bonde hilo pitisha bomba la chuma lisilo na zinki lililotobolewa matundu, na mwisho wake mmoja uunganishe na mvukuto au feni ndogo. Hewa nyingi si sifa. Moto unaovuma hukipa chuma joto lisilo sawa, ncha ikayeyuka huku msuka bado ni mweusi. Kwa hiyo punguza hewa na ukisogeze kisu mbele na nyuma ndani ya mkaa mpaka rangi yake iwe moja.

Kuhusu kipimo, una vipimajoto viwili ambavyo havitumii umeme. Sumaku huacha kukishika chuma kinapofikia karibu nyuzi 770 za Selsiasi, na chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Fanya kazi kivulini au jioni ili uione rangi vizuri. Sumaku ikishaachia, endelea kidogo, kisha dondoshea chembe za chumvi juu ya ubapa. Zikiyeyuka umekaribia, kwa sababu chuma cha springi hutaka karibu nyuzi 830. Ipe rangi nafasi ing'ae kidogo zaidi, iwe sawa kuanzia kisigino cha makali hadi ncha, na ukiache chuma hapo kwa dakika chache bila kuongeza hewa.

Kwa springi, acha maji. Maji hupoza kwa kasi ambayo chuma hicho hakiivumilii, na mlio mdogo utakaousikia ndani ya ndoo ni wa kisu kinachopasuka. Tumia mafuta ya kupikia, angalau lita 4, ndani ya chombo kirefu cha chuma chenye kifuniko. Yapashe moto hadi nyuzi 50 au 60 kwa kuzamisha kipande cha chuma cha moto, kwa kuwa mafuta yenye uvuguvugu ni mepesi na hupoza vizuri kuliko yaliyo baridi. Watu wengi hutumia oili chafu ya injini kwa sababu ni ya bure. Mimi siiruhusu karibu nami, maana moshi wake una mabaki ya madini na kemikali ambayo mapafu hayana kazi nayo. Zamisha kisu ncha ikitangulia, kisogeze upande wa makali na upande wa mgongo, wala usikipeperushe ubavuni, kwa sababu kitapinda. Mafuta yakiwaka, yafunike. Usiyamwagie maji kamwe.

Kikipoa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza bila kung'ata, umefaulu, lakini kisu hicho bado si cha kutumika: kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Kabla hujalala, kitulize kwa joto dogo. Mwenye oveni akiweke kwenye nyuzi 200 kwa saa 2, akiache kipoe, kisha arudie mara ya pili. Namba za kwenye kitufe cha oveni za nyumbani hudanganya mara nyingi, kwa hiyo weka kipimajoto kidogo ndani yake. Asiye na oveni aung'arishe ubapa kwa msasa mpaka uwe mweupe, kisha aulaze mgongo wa kisu juu ya pande zito la chuma la moto na atazame rangi zikitambaa kuelekea makali: manjano hafifu, hudhurungi, zambarau, kisha bluu. Manjano yakifika kwenye makali, kisu kitiwe majini mara moja. Mgongo ukiwa na bluu si kosa. Hapo unakuwa laini kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Swali: Mimi ni mama lishe hapa Mombasa na ninataka kujitengenezea kisu cha samaki. Chuma cha springi nimeambiwa ni kinene mno, na nina hofu ya kutu. Je, nitumie chuma kisichoshika kutu? – Msomaji, Mombasa

Jibu: Dada yangu, umeambiwa kweli kuhusu unene. Mabamba mengi ya springi huanzia milimita 6 kwenda juu, ilhali kisu cha samaki hakihitaji kuzidi milimita 2 hivi. Chuma kisichoshika kutu nacho kinataka joto la nyuzi 1,000 na zaidi, lililopimwa barabara na kukingwa na hewa, jambo ambalo jiko la mkaa haliliwezi.

Tafuta panga kuukuu. Panga nzuri hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya kutosha, unene wake unakaribia ule unaoutaka, na tayari limekazwa kiasi cha kunyumbulika bila kukatika, sifa ambayo kisu cha kuchuna minofu kinaihitaji kuliko ugumu. Likate kwa diski nyembamba kidogo kidogo, ukilizamisha ndani ya maji kila linapopata joto la kuuma vidole. Ukiona rangi ya bluu karibu na makali, ujue sehemu hiyo imelegea na uiondoe. Kwa njia hii huhitaji moto hata kidogo. Utakinoa mara nyingi zaidi kuliko kisu kilichokazwa upya, lakini kinoo kitakichukulia dakika chache tu.

Kutu kwa hewa ya bahari haikwepeki, ila inazuilika. Kioshe kisu mara umalizapo, hasa kikigusa ndimu, kikaushe na ukipake mafuta ya kula kidogo. Madoa ya kijivu yatakayojitokeza si kutu, yaache. Mpini utengeneze kwa vibao viwili vinavyoubana msuka pande zote mbili. Mpingo hauingiwi na maji kwa urahisi na hupendeza, lakini vumbi lake huwasha ngozi na kifua, na mafuta yake huzuia gundi kushika, kwa hiyo usugue kwa msasa mkavu namba 80 na uupanguse kwa spiriti kabla ya kupaka epoksi. Mninga ni mwepesi kuuchonga, nami ningeanza nao. Vijiti vya shaba ya manjano vipitishe kwenye matundu bila kuvigonga kwa nguvu, la sivyo kibao kitapasuka.

Swali: Nimekwisha kuchonga visu viwili na sasa ninataka kufua. Fuawe la dukani sina uwezo nalo, na mtu amenipa bei ya kipande cha reli. – Msomaji, Mbeya

Jibu: Kipande hicho cha reli kiache hapo hapo mpaka uone karatasi za uuzaji wake. Reli ni mali ya umma, na anayekutwa nayo bila maelezo hujikuta akijieleza polisi. Nunua badala yake kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, cha kilo 6 hadi 8, ukipachike ndani ya gogo zito huku uso wake mmoja ukitazama juu. Kwa kisu, eneo hilo linatosha, kwa sababu nyundo yako inagusa sehemu ndogo tu kwa kila pigo. Gogo liwe na kimo ambacho, ukisimama umeshusha mkono na kukunja ngumi, vifundo vyako viuguse uso wa chuma.

Nyundo ya mkononi isizidi kilo moja, na pembe za uso wake zisage ziwe za mviringo, maana pembe kali huacha majeraha kwenye chuma ambayo utayafukuza kwa tupa siku nzima. Koleo linaweza kungoja: chomelea nondo ya futi mbili kwenye mwisho wa bamba lako na uitumie kama mkono, kisha uikate kazi ikiisha. Hapo ndipo nondo ina nafasi yake katika utengenezaji wa visu. Acha kupiga chuma kinapopoteza wekundu.

Swali: Ninafundisha ufundi Eldoret. Wanafunzi wavae nini? – Mwalimu, Eldoret

Jibu: Miwani ya kukinga macho kwa kila aliye chumbani, hata yule anayetazama tu. Barakoa yenye kichujio halisi cha vumbi, si ya kitambaa, kwa anayesugua chuma au mti. Viatu vilivyofungwa, aproni ya ngozi na nguo za pamba, kwa kuwa nguo za nailoni huyeyukia mwilini. Glavu zivaliwe kwenye moto, lakini zivuliwe kwenye keekee na mashine yoyote inayozunguka, kwa sababu hunaswa na kuuvuta mkono mzima. Kwenye keekee bamba libanwe kwa klampu; mwanafunzi anayelishika kwa vidole atalipata likizunguka kama panga la feni. Grinda isiyo na kinga ya diski isiwashwe.

Swali: Nimeuza visu kadhaa na nimeweka akiba. Je, sasa ninunue mashine? – Msomaji, Arusha

Jibu: Ikiwa tupa ndiyo inayokuchelewesha kutimiza oda, nunua. Usinunue mashine ya mawe mawili ya kunolea patasi ukidhani itakufaa. Jiwe lake ni dogo, huchoma makali na huacha mashimo. Inayofaa ni ya mkanda wa msasa, na kipimo kinachotumiwa zaidi na watengenezaji wa visu ni mkanda wa inchi 2 kwa 72, wenye mota ya nguvu farasi 1.5 hadi 2, tena inayoweza kupunguzwa mwendo. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kuunda fremu yake kwa mabomba ya mraba, nawe ukatafuta magurudumu na mota tu.

Kabla ya kulipia chochote, hata hivyo, ulizia mikanda. Mkanda mmoja wa kukatia huisha baada ya visu vichache, na katika maduka yetu ya vifaa vya useremala vipimo vinavyopatikana mara nyingi si hivyo. Pata kwanza muuzaji anayekuhakikishia namba 36, 60, 120 na 220 kila unapohitaji, kisha uijenge mashine kwa kipimo cha mikanda anayoileta yeye.